“Si Imeganda? Itabadilikaje?” Dhana Potofu Kuhusu Isotopi za Theluji ya Ncha za Dunia

Wiki iliyopita limefika tena sanduku. Ndani yake mifuko ya theluji kutoka uwanda wa juu wa Antaktika, imepangwa vizuri, imeandikwa namba kwa wino usiofutika, na juu ya yote karatasi yenye ombi lilelile la siku zote: pimeni oksijeni-18 na deuteri (isotopi nzito, yaani atomi nzito za oksijeni na hidrojeni), kisha mtuambie siku theluji hii ilipoanguka kulikuwa na baridi kiasi gani. Nikawauliza, ilichotwa lini? Jibu likaja kwamba theluji ilianguka mwishoni mwa Desemba, wao wakaichota katikati ya Februari, “lakini hilo halina neno, si ilikuwa imeganda muda wote?”

Si imeganda? Itabadilikaje? Maneno haya nimeyasikia kwa wanafunzi, kwa wataalamu wa hali ya hewa, kwa madereva wa magari ya theluji, na mara moja kwa mtu aliyekuwa amesimama mbele ya jopo akitetea tasnifu yake. Siku zote nimekuwa nikimjibu mmoja mmoja. Safari hii naandika, ili atakayeuliza tena nimpe haya asome. Delta sitaieleza kwa urefu: ni kiasi ambacho uwiano wa isotopi nzito kwa nyepesi katika sampuli unatofautiana na ule wa maji ya rejea, ukihesabiwa kwa sehemu kwa elfu. Aliyefikia hatua ya kutuma theluji maabara anajua tunapima nini na tunalinganisha na maji gani.

Dhana: theluji ikishatua chini, imeshaandika

Hii ndiyo inayoniumiza kichwa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Nakubali kwamba mantiki yake inavutia. Mvuke unapopoa angani, molekuli nzito ndizo zinazotangulia kuganda, na mvuke unaobaki unazidi kuwa mwepesi. Kadiri hewa inavyopanda bara la barafu na kupoa, theluji inayodondoka inazidi kupungukiwa na isotopi nzito. Ndiyo maana theluji ya Dome C, ilipo stesheni ya Concordia kwenye kimo cha mita 3,233, ina delta ya oksijeni-18 ya karibu −50 kwa elfu. Hadi hapo sina ugomvi na mtu. Ugomvi unaanza pale mtu anapodhani kwamba chembe ikishagusa chini, daftari limefungwa.

Wala wazo hilo halikuzuka tu. Hoja ya zamani ilikuwa hivi: ndani ya barafu ngumu molekuli husogea polepole mno. Jua likiipiga chembe ya theluji, barafu ya nje inageuka mvuke moja kwa moja, ganda baada ya ganda. Molekuli nyepesi zilizo katikati ya chembe haziwezi kupenya hadi nje ili zikimbie kabla ya wenzake, basi kila ganda linaondoka lote, zito kwa jepesi, na kilichobaki kina uwiano uleule wa mwanzo. Kwenye karatasi hoja hiyo haina doa. Watu waliijengea juu yake kwa miongo mingi, na sababu mojawapo ni kwamba kuikagua kulikuwa shughuli pevu. Kupima mvuke wa huko kulimaanisha kuunasa kwa mtego wa baridi saa nyingi, upate matone machache, uyabebe hadi kwenye spektromita ya tungamo iliyoko mbali. Hewa yenyewe ni kavu kiasi kwamba mtego unaweza kukaa siku nzima na usipate cha kukutosha.

Mashine za leza ndizo zilizoleta habari mpya. Ziliweza kupelekwa kambini, mrija ukaelekezwa juu kidogo ya theluji, mvuke ukapimwa dakika baada ya dakika. Kwenye kambi ya NEEM, kaskazini-magharibi mwa Greenland, Hans Christian Steen-Larsen na wenzake walipima mvuke huku wakichota theluji ya juu mara kwa mara wakati wa kiangazi. Matokeo waliyochapisha mwaka 2014 yalionyesha jambo ambalo hoja ya zamani haikuliruhusu: katika siku ambazo hakikuanguka kitu, isotopi za theluji ya juu zilikuwa zikihama, na zilihama zikifuata mvuke wa juu yake. Hakuna theluji mpya, na namba zinatembea. Baadaye ikaonekana huko Kohnen, Antaktika, kwamba mabadilishano hayo yana hata mdundo wa mchana na usiku. Concordia nayo imetoa ushahidi wake, na vilevile EastGRIP, Greenland.

Sasa kwa nini ile hoja safi ilianguka? Kwa sababu chembe ya theluji si kokoto. Tunaposikia nyuzi −30 za selsiasi tunawaza kitu kilichokufa ganzi. Lakini ihesabu kwa Kelvini: nyuzi −30 ni 243, na barafu huyeyuka kwenye 273. Barafu hiyo imeshafika karibu asilimia 90 ya njia ya kuyeyuka. Chuma ukikipasha kwa kiwango hicho cha safari yake kitakuwa kinang'aa kama kaa, na hakuna anayekitazama chuma cha namna hiyo akasema kimetulia. Ndani ya theluji ya juu, upande wenye joto kidogo wa chembe unatoa mvuke, upande wenye baridi wa chembe ya jirani unaupokea, na kazi hiyo haisimami. Pakiwa na tofauti kubwa ya joto kati ya juu na chini, na juani ipo kila siku, chembe zinabomolewa na kujengwa upya. Barafu iliyokuwa moyoni mwa chembe leo, baada ya siku kadhaa iko nje ikisubiri kuondoka. Molekuli haina haja ya kupenya barafu ngumu. Barafu yenyewe ndiyo inayohamishwa hadi nje.

Juu ya hilo kuna hewa. Jua likiwa juu, theluji inatoa mvuke, na nyepesi zinakimbia kwa wingi kuliko nzito. Theluji inayobaki inakuwa nzito zaidi, na ziada yake ya deuteri (deuteri ukitoa mara nane ya oksijeni-18) inashuka. Jua likishuka karibu na upeo, mvuke unarudi na kuganda juu kama jalidi, ukiwa na isotopi zake. Mtu mmoja aliwahi kuniambia, basi kinachotoka mchana kinarudi usiku, hesabu inafutika. Ingefutika kama mvuke uliorudi ungekuwa uleule uliotoka. Upepo haumsubiri mtu: mvuke wa mchana umeshasafiri, na unaoganda usiku huenda umetoka kwingine kabisa, tena unaganda kwenye joto tofauti, na kwa hiyo kwa mchujo tofauti. Hesabu haifutiki. Kila siku inaacha salio, na kiangazi kizima kinaacha salio linalopimika.

Upepo nao una vurugu zake. Unachimba theluji ya hapa, unaijaza kule, unachonga yale matuta magumu yanayoitwa sastrugi. Ukichota kichwa cha sastrugi ukaamini umechota theluji ya Desemba, inawezekana kabisa umechota ya majira ya baridi yaliyopita, iliyofukuliwa ikaachwa juani. Na ikishafukiwa haitulii pia. Mvuke unaendelea kutembea katika matundu kati ya chembe, ukilainisha tofauti za tabaka na tabaka, mpaka huko chini, makumi ya mita, ambako matundu yanajifunga na theluji inakuwa barafu kamili. Safari hiyo ya mvuke ni ya sentimita chache tu. Palipo na theluji nyingi kwa mwaka, sentimita chache hazifuti majira. Dome C inapata theluji ya kimo cha sentimita 8 hivi kwa mwaka mzima, ambayo ukiiyeyusha ni kama sentimita 2.5 za maji. Hapo mwaka mzima wa theluji ni mwembamba kiasi kwamba mawimbi ya kiangazi na majira ya baridi yanamezana.

Hizo sentimita 8 zina maana nyingine ambayo watu wanaipita haraka. Theluji chache maana yake theluji inakaa juu muda mrefu kabla ya kufunikwa. Inapigwa jua, inabadilishana na hewa, inapeperushwa. Mahali penye theluji nyingi, tabaka linafunikwa upesi na ukurasa unageuzwa. Mahali penye theluji haba, ukurasa unabaki wazi mezani na kila apitaye anaandika. Na kwa bahati mbaya hapo penye theluji haba ndipo tunapokwenda kutafuta barafu kongwe kuliko zote, maana ndipo miaka mingi inapoingia katika unene mdogo.

Nirudi kwenye lile sanduku. Kutoka mwisho wa Desemba hadi katikati ya Februari ni wiki saba hivi, na kwa sehemu kubwa ya muda huo huko jua halitui kabisa. Walichochota ni theluji ya Desemba iliyokwisha kuzungumza na hewa ya Januari yote na nusu ya Februari, ikachanganywa na vumbi la theluji la kutoka wasikokujua. Nitaipima, na namba zitakuwa sahihi. Lakini swali lao halijibiwi na namba hizo.

Ushauri wangu juu ya hili haujabadilika kwa miaka, na wenzangu wananicheka kwa kuurudia: andikeni saa. Tarehe haitoshi, andikeni saa. Mali bila daftari huisha bila habari. Andikeni saa, halijoto ya uso wa theluji, upepo, lini theluji ilianguka mara ya mwisho, uso ulikuwaje (laini, mgumu, wenye jalidi, kichwa cha sastrugi au bonde lake), na unene mliochota mkiupima kwa rula. “Theluji ya juu” si kipimo. Nimepokea sampuli za kambi moja ambazo “juu” ya mchotaji wa asubuhi ilikuwa nusu sentimita na “juu” ya mchotaji wa jioni ilikuwa sentimita tano, halafu wakaniuliza kwa nini kuna tofauti ya mchana na usiku. Na kama mnataka kujua theluji ilianguka na isotopi gani, itegeeni ubao uliosafishwa, ulioinuliwa juu ya uso, mchote mara tu inapoacha kuanguka. Hiyo ni sampuli ya mwanguko. Ile ya chini ni sampuli ya uso. Msizipe jina moja.

Dhana: delta ni kipimajoto

Hii ni binamu wa ya kwanza. Mwaka 1952, huko Copenhagen, Willi Dansgaard aliweka chupa ya bia yenye faneli bustanini kwake akakusanya mvua, na kutoka hapo akaanza kuuona uhusiano kati ya isotopi na joto. Katika makala yake kubwa ya mwaka 1964 akaonyesha kwamba, ukichukua wastani wa mwaka wa vituo vingi, delta ya oksijeni-18 inapanda kwa 0.69 kwa elfu kwa kila nyuzi moja ya joto. Mstari mzuri, umenyooka, na watu wakaugeuza rula ya kupimia kila kitu.

Soma tena: wastani wa mwaka, wa vituo vingi. Mstari huo unakuambia kwamba mahali penye baridi zaidi pana theluji nyepesi zaidi. Haukuambii kwamba Jumanne ilikuwa −31. Hata kwa mabadiliko ya muda mrefu mahali pamoja, rula hiyo iliwahi kudanganya waziwazi. Katikati ya Greenland, watafiti walipopima joto ndani ya mashimo yaliyochimbwa kwenye barafu, ambayo bado yanahifadhi baridi ya enzi ya barafu, walikuta kwamba enzi hiyo ilikuwa baridi kuliko leo kwa karibu mara mbili ya kile ambacho rula ya isotopi ilikuwa inasema. Sababu moja kubwa ni msimu: enzi ile theluji ya majira ya baridi ilipungua sana, na isiyoanguka haiachi sampuli. Isotopi hurekodi joto la wakati theluji inapoanguka. Siku kavu hazimo.

Tena si joto la hapo unaposimama. Kwenye uwanda wa Antaktika, wakati wa baridi, hewa inayogusa theluji inaweza kuwa baridi kuliko hewa ya juu yake kwa nyuzi 20 na zaidi, na fuwele zinaundwa huko juu kwenye joto. Ongeza kwamba dhoruba chache zinazopenya kutoka baharini, zenye hewa ya joto, zinaweza kuleta sehemu kubwa ya theluji ya mwaka. Basi unaposema “halijoto ya theluji hii”, niambie kwanza: ya wapi, ya lini, na ya siku zipi?

Fupi fupi

“Hizi isotopi hazina mionzi?” Hazina. Oksijeni-16, 17 na 18, hidrojeni ya kawaida na deuteri, zote ni imara, na zimo katika kila tone la maji duniani. Mwenye mionzi ni tritiamu, na kweli tunaitumia kwenye theluji ya ncha, maana majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliacha alama inayosaidia kutambua tabaka za miaka ile. Ni isotopi nyingine, kazi nyingine.

“Basi mtuambie umri wake.” Kitu kisichooza hakina saa ndani yake. Umri tunaupata kwa kuhesabu tabaka za mwaka, pale zinapoonekana, au kwa alama kama majivu ya volkano.

“Namba hasi maana yake nini, mmekosa?” Hapa Dome C inachangia kuwachanganya watu, kwa sababu delta yake ya oksijeni-18 ni karibu −50 na wastani wa joto la mwaka ni karibu nyuzi −55, basi wanadhani ni kitu kimoja kilichopimwa vibaya. Ni sadfa. Katika maji ya rejea VSMOW, yaani maji ya bahari ya wastani, kwa kila atomi milioni moja za oksijeni-16 kuna kama 2,005 za oksijeni-18. Delta ya −50 kwa elfu maana yake zimepungua kwa asilimia tano, zimebaki kama 1,905. Hakuna zaidi.

Dhana: shimo moja linatosha

Ukichimba mashimo mawili, moja hatua chache kutoka jingine, siku moja, kwa koleo moja, utapata mistari miwili ya grafu inayofanana kwa mbali na kutofautiana kwa karibu. Hiyo ni kazi ya upepo na sastrugi. Kohnen walichimba mitaro ya makumi ya mita na kuchota kando ya ukuta wake wote, na picha iliyotoka inaonyesha tabaka zinazopinda, kukatika na kupotea. Kwenye nukta moja, theluji ya mwaka fulani inaweza isiwepo kabisa kwa sababu haikupata nafasi ya kutua.

Chota nukta kumi, zikiwa na mita kadhaa kati yake, zisiwe zote upande mmoja wa tuta moja. Ukitaka kuokoa gharama, changanya kiasi sawa kutoka kila nukta upate wastani, lakini siku moja moja zipime mbalimbali ili ujue kutawanyika kwake. Bila kutawanyika hujui kama badiliko unalolishangilia ni la hali ya hewa au ni la mahali ulipoweka mguu.

Dhana: mfuko wowote, muradi umefungwa

Hapa ndipo kazi nzuri inapofia. Kuna msafara mmoja, sitautaja, uliotuletea sampuli za msimu mzima katika mifuko iliyokuwa na vitobo visivyoonekana kwa macho, vilivyochomwa na ncha za fuwele zenyewe wakati wa kusafirishwa. Theluji iligeuka mvuke kidogo kidogo kwa miezi, mvuke ukaenda zake. Delta zilikuwa zimepanda na ziada ya deuteri imeshuka, kwa mpangilio uleule hasa ambao wao walitaka kuueleza kama mabadilishano ya theluji na hewa. Mabadilishano yalikuwepo kweli. Yalifanyika ndani ya sanduku. Maji yakimwagika hayazoleki, na mvuke hata huoni ulipomwagikia.

Mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, hewa imekamuliwa. Ikae kwenye baridi hadi siku ya kupima. Ukifika wakati wa kuyeyusha, yeyusha ndani ya mfuko uliofungwa, yote hadi punje ya mwisho, kisha tikisa, ndipo umimine. Kuna watu wanaona maji yameanza kutoka wanayamimina chupani, barafu iliyobaki wanaitupa. Barafu na maji yake yakikaa pamoja hayana isotopi sawa: barafu ina oksijeni-18 zaidi kwa kama 3 kwa elfu, na deuteri zaidi kwa kama 20. Umeitupa sehemu nzito, umetuletea nyepesi, na hakuna mashine itakayokurudishia. Chupa nayo ijazwe hadi shingoni, usiache chumba cha hewa juu ya maji, na kizibo kikazwe. Chupa iliyojaa hivyo ikirudishwa kwenye friza ikapasuka, usinipigie simu.

Dhana: leza inasoma yenyewe

Usione vyaelea, vimeundwa. Mtu anaona sanduku mezani, anaona mkono wa mashine ukichovya sindano, namba zinatokea kwenye kioo, anauliza kwa nini majibu yanachukua wiki.

Sindano inachukua kama maikrolita 2. Tone linageuzwa mvuke wote, mvuke unaingia katika chumba kidogo chenye vioo vinavyorudisha mwanga mara nyingi mno, kiasi kwamba leza inapita umbali wa zaidi ya kilomita 10 ndani ya kitu kinachoenea mezani. Shida ni kwamba maji ni king'ang'anizi. Yanashika kuta, na tone la sampuli iliyopita linaacha kumbukumbu katika linalofuata, hasa upande wa deuteri. Kwa hiyo sampuli moja inadungwa mara sita hivi, na zile tatu za mwanzo tunazitupa. Ukipanga sampuli ya −50 mara tu baada ya maji yenye delta karibu na sifuri, hata sita hazitoshi. Panga zinazofanana zifuatane.

Halafu kuna maji ya rejea. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki huko Vienna ndilo linalotunza ngazi hii yenye vidato viwili: VSMOW, ambayo ni sifuri, na SLAP, maji yaliyotokana na theluji ya Antaktika, ambayo oksijeni-18 yake ni −55.5 na deuteri −428 kwa elfu. Kila maabara inatengeneza maji yake ya kazi ya kila siku na kuyafunga kwenye ngazi hiyo. Kwa sampuli za ncha za dunia, maji ya kazi lazima yazingire sampuli, moja juu yake na moja chini yake. Nimeona majedwali ya theluji ya Antaktika yaliyosahihishwa kwa maji mawili ya rejea ambayo yote yana delta za mvua ya nchi za joto. Hiyo ni kupima urefu wa mlingoti kwa rula ya shule na kukisia uliobaki.

Na tafadhali, heshimuni makosa ya kipimo. Oksijeni-18 tukiipata kwa uhakika wa 0.1 kwa elfu tumefanya vizuri. Lakini ziada ya deuteri ni deuteri ukitoa mara nane ya oksijeni-18, na kosa hilo dogo nalo linazidishwa mara nane, ukiwa bado hujaliongeza la deuteri yenyewe. Aliyeniandikia insha nzima juu ya tofauti ya nusu kwa elfu ya ziada ya deuteri kati ya mifuko miwili aliandika juu ya kelele ya mashine yangu.

Dhana ya upande wa pili: basi barafu ya kale inadanganya

Kila nikimaliza kueleza kwamba theluji ya juu inabadilika, kuna mmoja anayeegemea kiti na kusema: kumbe ile historia yote ya miaka 800,000 iliyosomwa katika barafu ya Dome C ni hadithi. Huyu ananichosha karibu sawa na yule wa kwanza, maana ametoka kuamini kila kitu akaingia kutoamini chochote bila kupita katikati.

Tofauti kati ya enzi ya barafu na enzi ya joto, kwa deuteri, ni makumi ya sehemu kwa elfu. Inaonekana Dome C, inaonekana Vostok, stesheni nyingine ya Antaktika, inaonekana katika mashimo yaliyochimbwa mbali mbali na timu tofauti. Hakuna jalidi ya usiku wala kichwa cha sastrugi kinachoweza kuitunga. Vurugu za upepo zinapungua sana ukichukua wastani wa karne, kwa sababu sastrugi haikai mahali pamoja miaka mia. Tena isotopi hazisimami peke yake. Huko Greenland kuna joto la mashimo niliyoyataja, na kuna naitrojeni-15 katika hewa iliyonaswa ndani ya barafu, ambayo huitikia mabadiliko ya ghafla ya joto bila kupitia mvuke wala theluji ya juu.

Kinachobishaniwa ni kingine, na ni kidogo zaidi na kigumu zaidi: kati ya ishara ya miaka kumi au hamsini iliyopita unayoiona katika theluji ya mahali pakavu, kiasi gani kililetwa na mwanguko, na kiasi gani kiliandikwa baadaye theluji ikiwa imelala juani. Na huko kulala juani kwenyewe kunategemea hali ya hewa: kiangazi chenye joto na upepo mdogo kinaacha salio tofauti na kiangazi cha baridi. Kwa hiyo lile salio si uchafu wa kufutwa tu. Linaweza kusomwa, ikiwa tutajua theluji ilikaa wazi kwa muda gani, na mvuke wa juu yake ulikuwaje saa ile.

Wenye sanduku nimewarudishia fomu ya sampuli. Safu ya saa ilikuwa tupu mifuko yote.